Chungu cha Kamongo Chini ya Ghala

Jumatatu, 8 Julai 1974

Chungu changu kimetolewa nje. Nimekikuta asubuhi chini ya ghala la mtama, kimefunikwa kipande cha gunia kama mgonjwa. Hakuna aliyeniambia lolote. Kuku wanakizunguka.

Wankyo, mke wangu, alibatizwa juzi ziwani pamoja na wanawake wengine wa safu yetu ya nyumba. Siku hizi anasali Jumamosi. Alirudi nguo zinachuruzika maji, akakitazama chungu kile kabla hajanitazama mimi. Ilinipasa nishtuke palepale. Lakini jana ilikuwa Saba Saba, ngoma na hotuba, nikapitiwa.

Nimemwuliza chungu kimekosa nini. Kamongo, amesema, yule samaki wa tope ninayempenda. Chungu kimepikiwa kamongo, na kamongo ni najisi. Nikamwambia kama ni hilo tu, nitakisugua kwa mchanga na majivu mpaka king'ae. Akasema uchafu ndio unaosuguliwa, najisi haisuguliki. Uchafu uko juu ya kitu, najisi iko ndani yake. Kitu kinaweza kung'aa na bado kikawa najisi.

Mke wangu hajawahi kusema maneno kama hayo tangu nimwoe. Nikauliza ameyatoa wapi. Kwa Mzee Silasi.

Nilijua!

Zamani, kabla hatujahamishiwa kwenye kijiji hiki cha ujamaa, Mzee Silasi alikuwa anakaa ng'ambo ya mlima na pua yake ilikuwa hukohuko. Sasa Serikali imetupanga kwa safu, na mzee wa kanisa ana nyumba mgongoni mwangu. Mimi nimepewa nyumba ya mwisho, safu ya chini, karibu na mafunjo. Upepo wa ziwa ukivuma, chochote ninachopika anakijua yeye kwanza.

Sheria mpya za nyumba yangu ni hizi. Mdomo uliokula kamongo haugusi sahani za Wankyo mpaka jua lizame. Nikauliza, na aliyekula jioni je? Hakuwa amefikiria. Atamwuliza Mzee Silasi. Na chungu kikirudi ndani, hata kikiwa kitupu, yeye atakwenda Bunda kwa Gati, binti yetu, na hatasema anarudi lini.

Hilo la Bunda amelisema kwa upole. Ndilo lililoniogopesha.

Naandika haya kwa sababu mtu mwenye maadui lazima aweke kumbukumbu. Wankyo anajua kusoma, lakini polepole. Atachoka kabla hajafika kwenye jambo la maana.

Jumanne, 9 Julai

Shamba la ujamaa. Kuchuma pamba tangu alfajiri. Wanawake walipika ugali na mboga kwa wote, chungu kimoja, kama tulivyoagizwa. Nikanyoosha sahani yangu. Ursula, mke wa Silasi, akaweka upawa wake chini na kuchukua mwingine. Akanipakulia na ule mwingine. Baada yangu akaurudisha wa kwanza.

Wote walikuwa wanatazama mboga zao. Nimekula nimewapa mgongo. Niliona aibu, na sikuwa nimekula kamongo hata siku moja tangu Saba Saba.

Mchana tulipanga pamba. Nyeupe huku, yenye madoa kule, hii tunayoiita fifi. Nikaona nafasi. Nikamwuliza Mzee Silasi mbele ya watu kama fifi nayo ni najisi. Akasema hapana, hiyo ni chafu tu, na wanunuzi wataichukua. Nikauliza nani anayepanga kipi kichafu na kipi najisi. Akasema, bila hata kuacha kupanga pamba, kwamba Maandiko yanapanga. Kilicho majini chenye mapezi na magamba kinaliwa. Kisicho navyo ni najisi. Kamongo ni utelezi mtupu, mwanangu, kama sabuni iliyolowa.

Ameniita mwanangu. Tumepishana miaka michache tu.

Nimerudi nikiwaza. Mtu hawezi kukichukia chakula kitamu namna hiyo kwa sababu ya Maandiko peke yake. Kamongo ana mafuta, ana nyama laini, mchuzi wake unashika ugali. Werema, mdogo wake Wankyo, hutega ndoano pembeni mwa mafunjo akitafuta samaki wa kuuza. Kamongo akinasa, anamkatia uzi, na kwenye safu zetu hizi hauziki. Kwa hiyo shemeji ananirushia mimi bure, kwa hasira. Mtu mmoja tu kijijini anakula kamongo waziwazi. Lakini je, kwa siri?

Leo jioni nyumba ya Silasi ilikuwa inatoa harufu ya mafuta. Mafuta mazito. Naijua harufu ile.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa kwanza: kumkamata Mzee Silasi na kamongo mdomoni.

Saa ya mchana watu wako shambani. Mimi nilisema mgongo unaniuma. Nikapita nyuma ya choo cha Silasi, nikajibanza kwenye uzio wa matete, nikachungulia jikoni kwao. Sufuria iko motoni. Mafuta yanachemka. Harufu ileile. Nikasogea. Uzio ukaanguka nami juu yake.

Ursula akatoka na mwiko mkononi. Akauliza, kwa heshima, shemeji anatafuta nini chooni kwetu. Nikasema nakagua vyoo. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nikaongeza kwamba nimetumwa na Balozi.

Nikapata ujasiri wa kuuliza sufuriani kuna nini. Mafuta ya mkia wa kondoo. Mjukuu anakohoa. Akanifunulia nione. Ni kweli ulikuwa mkia wa kondoo.

Nashuku mjukuu hakohoi.

Kabla ya jioni Balozi wa nyumba kumi, Makongoro, akafika kwangu amefurahi. Amesikia nimejitolea kukagua vyoo. Katika mikutano yote ya Chama amekuwa akiomba mtu wa kazi hiyo, hakuna aliyenyoosha mkono. Amenipa fimbo ya kupimia kina cha mashimo. Kazi ni kila wiki, vyoo vyote vya safu zetu, taarifa kwenye mkutano.

Nikamwuliza Makongoro, maana ni mtu wa Chama na amesoma, najisi ni nini hasa. Akasema najisi ni mambo ya dini, Serikali inatambua uchafu tu. Uchafu una nzi, una wadudu, una adhabu. Najisi haina fomu. Kisha akanikumbusha kwamba choo changu mwenyewe kiko karibu mno na mafunjo, lakini kwa kuwa mimi ndiye mkaguzi, ameniachia nionyeshe mfano.

Wankyo amesikia habari ya vyoo. Amenitengea beseni la kuogea nje. Sasa kuna vitu viwili vyangu chini ya ghala.

Alhamisi, 11 Julai

Nimelala nikiwaza maneno ya Silasi. Mapezi na magamba. Nimekula kamongo tangu ningali mtoto, lakini sijawahi kumtazama. Mama yangu alikuwa anamtia kwenye majivu ya moto, anamkwangua, basi. Mtu mwenye njaa hachunguzi ngozi. Na yule aliyesema hana magamba, alimtazama lini? Kwa macho gani?

Alhamisi ndiyo siku Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, anapofika kutoka Musoma mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Anaitwa Rafaeli. Kijana mwembamba, soksi ndefu, anapenda kusema protini. Hanywi chai ya mtu, kwa hiyo nilimshuku tangu mwanzo kwamba anatuandika mahali. Lakini leo nilimhitaji.

Nikamwomba Werema kamongo mzima, yaani hai. Akauliza wa nini. Nikasema wa sayansi. Kamongo ni samaki asiyejua kufa. Ukimfunga kwenye gunia lililolowa atakusindikiza mpaka Bunda, anahema tu. Nikamfunga, nikamtwika begani, njia nzima ananipiga mkia kwenye figo.

Bwana Samaki akamlaza juu ya jiwe. Akafuta utelezi kwa majani. Akatoa kisu kidogo, akainua kitu kwenye ngozi kwa ncha, polepole, akakishika kuelekea jua. Akaniambia nitazame.

Gamba! Dogo, jembamba, linapitisha mwanga kama ganda la ndani la kitunguu. Lakini gamba. Amesema kamongo mzima amefunikwa nayo, yamezama ndani ya ngozi chini ya utelezi. Na mapezi? Haya hapa mgongoni mpaka mkiani, na hizi kamba mbili za mbele na mbili za nyuma nazo ni mapezi, ingawa hayana sura.

Nilitaka kumkumbatia Bwana Samaki. Nikajizuia kwa sababu ya soksi zake.

Nikamwomba aje Jumamosi alithibitishe mbele ya kanisa. Akasema Jumamosi yuko Musoma, na mambo ya kanisa la watu hayamo kwenye kazi yake. Yeye anajua tu kwamba ni protini. Kila mtu ana mpaka wa elimu yake!

Basi nikalibandika lile gamba juu ya ukucha wa kidole gumba, nikaanza safari ya nyumbani na kidole kimesimama. Njia nzima watu wananisalimu na mimi siwezi kutoa mkono. Mama mmoja akadhani nimejikata, akataka kunifunga kitambaa. Makongoro akadhani namwonyesha kwamba vyoo ni vizuri, naye akanionyesha kidole gumba. Nilipofika mlangoni, Wankyo alikuwa anapepeta mtama. Nikamwita, njoo uone mwisho wa najisi.

Vumbi la mtama likanipanda puani. Nikapiga chafya. Gamba halipo.

Tumetafuta sana. Yaani nimetafuta. Wankyo alisimama na ungo wake, halafu akaniuliza kama nimekula. Akaniletea ugali nje, kwenye beseni. Akakaa kizingitini nikila, hakuingia ndani mpaka nimemaliza. Ingawa mimi ni najisi, mke wangu hakupenda nile peke yangu. Jambo hilo limenigusa. Pia nimelishuku kidogo.

Jumamosi, 13 Julai

Nimefanya lililonipasa.

Nilifika kanisani kwao wanapotoka ibada ya asubuhi, gunia begani. Kamongo yuleyule. Amekaa siku mbili ndani ya beseni langu la kuogea na afya yake ni nzuri kuliko yangu. Watu wamevaa vizuri, nguo nyeupe. Nikamwaga kamongo kwenye nyasi. Akina mama wakarudi nyuma.

Nikasema kwa sauti kwamba ninaomba Mzee Silasi, mbele ya waumini wake wote, amtazame samaki huyu na aseme kweli. Nikainama kumgeuza. Kamongo akaning'ata kidole. Kilekile cha gumba. Nilitoa maneno ambayo sitayaandika hapa, na nilikuwa kwenye uwanja wa kanisa.

Mzee Silasi akaomba maji, akaniosha kidole kwanza. Kisha akachuchumaa na nguo zake za ibada. Akaomba kisu. Akafuta utelezi, akainua ngozi kama nilivyomwonyesha, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Alitazama muda mrefu. Wankyo alikuwa amesimama nyuma yake ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Sikuwa namtazama kamongo tena. Nilikuwa namtazama yeye. Akisema hapana, Bunda ndiyo hiyo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wa Silasi. Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na jina la Bwana Samaki, na nilikuwa tayari kumtaja kondoo.

Akasimama, magoti yakalia, akasema: "Magamba yapo."

Basi. Hakuongeza chumvi. Akawaambia watu wake kwamba walikuwaga wanamkataza mnyama wa Mungu bila kumtazama, na yeye ndiye wa kwanza kukosa. Mchungaji akija kutoka Musoma ataulizwa. Mpaka hapo anayetaka kula, ale. Halafu akanishika mkono, ule usioumwa, akasema, "Asante, Bernado. Umetufundisha kusoma."

Nimerudi na ushindi. Lakini kwa nini alikubali upesi hivyo? Mtu hashindwi kirahisi namna ile bila sababu. Kuna kitu.

Jumapili, 14 Julai

Chungu kimerudi ndani.

Wankyo alikibeba mwenyewe. Akakiosha kwa maji ya moto, akakiweka kwenye mafiga ya katikati. Kamongo wa sayansi amepikwa na nyanya na kitunguu. Wankyo hajawahi kuonja kamongo maisha yake yote. Kwao hata kabla ya kanisa wanawake walikatazwa. Akamega kipande kidogo, akakitia mdomoni, akafumba macho. Nikasubiri.

Akasema, "Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unanificha, Baba Gati."

Nikamwambia sikumficha, yeye ndiye aliyekuwa anatoka nje. Akacheka. Tumekula sahani moja, tukagombania mchuzi wa mwisho, akaniachia. Tulikaa jikoni mpaka moto ukafifia tukizungumza habari za Gati na mtama na nyumba ya zamani. Sijui lini tulikaa hivyo mara ya mwisho. Nilikuwa na furaha, naiandika kama ilivyo.

Jumanne, 16 Julai

Janga.

Nilikwenda ziwani asubuhi kuchukua kamongo wangu kama kawaida. Nikakuta wanawake wa kanisa zima wamekaa mchangani na vikapu. Wengine wametoka safu ya juu. Nikadhani kuna msiba. Nikauliza. Wanasubiri mtumbwi wa Werema. Wanataka kamongo.

Werema alifika, kamongo kibao. Akawagawia kwa kubadilishana na mtama na mihogo. Nikamwita pembeni, shemeji, mimi nilikuwaga napewa bure. Akasema alikuwaga ananipa kwa sababu ni takataka. Sasa ni samaki. Nilete debe la mtama.

Aliye mkubwa kuliko wote, mnene kama paja, amechukuliwa na Ursula. Kichwa, tumbo, kila kitu. Mimi nimepata mkia. Nimeupeleka nyumbani. Wankyo, ambaye juzi hajui kamongo, akasema mkia una miiba, mnofu wa katikati ndio mtamu. Akajua haraka! Na sehemu isiyo na miiba akaila yeye.

Ushindi wangu wa Jumamosi sasa nauelewa. Silasi alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba kamongo ana magamba. Alisubiri mimi nithibitishe ili yeye aingie na kanisa lake zima. Asante Bernado, umetufundisha kusoma! Amenitumia kama ndoano.

Jumatano, 17 Julai

Mpango wa pili. Huu ni mzuri. Nimeukagua pande zote.

Kama kamongo alikuwa najisi kwa Maandiko, hilo limekwisha, mimi mwenyewe nimelimaliza. Lakini Makongoro alisema kitu chenye thamani: Serikali inatambua uchafu tu. Na mkaguzi wa vyoo ni nani?

Leo jioni kwenye mkutano wa nyumba kumi nikasimama na fimbo yangu kutoa taarifa. Nikasema vyoo vya safu ya juu ni vizuri. Vya katikati ni vizuri. Vya safu ya chini, vilivyo karibu na mafunjo, vina tatizo, maana udongo ule ni tope na yaliyo ndani yanapenya. Yanapenya kwenda wapi? Kwenye mafunjo. Na nani anayechimba tope la mafunjo, anaingia humo na kulala humo?

Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana.

Ursula ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akitapika. Wengine wakafuata. Mzee Silasi alikaa tu na mikono magotini. Makongoro akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ni mkaguzi.

Kamongo amerudi kwangu. Jina najisi sikulitaja hata mara moja. Halikuhitajika.

Alhamisi, 18 Julai

Mwaloni hakuna hata mwanamke mmoja. Werema amenirushia kamongo wawili, kwa hasira, kama zamani. Niliwabeba nikiimba.

Tatizo dogo. Mkutano ulipoisha jana, mama mmoja wa safu ya juu aliuliza choo kilicho karibu kuliko vyote na mafunjo ni cha nani. Hilo sikuwa nimelipanga. Watu wote waligeuka. Nilidhani litasahaulika, lakini leo asubuhi Makongoro alikuja na jembe. Ameagiza choo changu kifukiwe na nichimbe kingine juu, kwenye mwamba, kwa kuwa mkaguzi ni mfano. Nimechimba kutwa na sijafika kwenye kifundo cha mguu.

Ursula amepita njia ya mbali kunikwepa. Nilimsalimu, akaitikia akiwa ameziba pua kwa khanga. Watoto wanaita mahali pangu jina ambalo sitaliandika. Jana kamongo alikuwa mchafu kwa sababu ya vyoo. Leo vyoo ni vichafu kwa sababu yangu.

Bwana Samaki amepita na baiskeli. Amesikia habari. Akasema huyo anayeua protini ya wananchi ni adui wa maendeleo. Nilijua kwamba anatuandika mahali.

Jumamosi, 20 Julai

Chungu kimetolewa nje. Nami nimetolewa nacho.

Wankyo hakugomba. Aliporudi kanisani mchana alikuta chungu jikoni na kamongo ndani yake. Akakibeba kwa vijiti viwili mpaka chini ya ghala. Kisha akaleta kirago changu, blanketi, na fimbo ya vyoo. Akasema huko nyuma kilikuwa najisi lakini safi. Sasa ni kichafu. Yeye ameweza kuishi na mume wa najisi, lakini hawezi na huyu.

Jioni, jua halijazama bado, Mzee Silasi alikuja. Akakaa kwenye kinu, karibu yangu, hakuziba pua. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, habari ya tope na vyoo. Akasema kama nilikosea, mtu hukosea, atawaeleza watu yeye mwenyewe na hakuna atakayenicheka. Alisema Ursula anahuzunika sana. Halafu akasema, akitazama chini, kwamba naye amempenda samaki yule.

Nikamtazama. Mtego wa wazi kabisa. Nikisema si kweli, kesho wanawake wako mwaloni na vikapu. Nikamwambia ni kweli tupu, na hata tope lenyewe linanuka. Akaguna, akanipa pole ya kidole, akaondoka.

Akatoka Wankyo. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, nadhani. Akaniuliza swali lilelile. Akasema, sema tu kweli, Baba Gati, na chungu kinaingia ndani na wewe unaingia nacho, nimeshachemsha maji. La sivyo, kesho anapanda gari la Bunda. Alikuwa ameshika sahani. Moja. Ile tuliyoshiriki Jumapili.

Nilitaka kuingia. Naandika kweli, nilitaka sana. Nikawaza mchuzi ule wa Jumapili na Wankyo amefumba macho. Lakini nikawaza pia wale kamongo wawili, wazima, na mkia ule wenye miiba. Tena nikawaza: nani amemwambia aje na swali lile mara tu baada ya Silasi? Wamepanga.

Nikasema ni kweli tupu.

Mlango umefungwa. Ndani nasikia anakunja nguo zake.

Nimekula kamongo mmoja mzima. Mwingine nimemwacha chunguni. Sijui kwa nini leo hana ladha. Nashuku ni chumvi ya Ursula, tuliyoazimwa mwezi uliopita.

Sasa nimekaa natazama kuku wa Silasi. Wamekuja kulala juu ya ghala, kama kila jioni. Wankyo anapenda sana nyama ya kuku kama hawa, na huko Bunda Gati anafuga wa namna hiyohiyo. Nimewachunguza kwa makini. Kutwa nzima wanachakura nyuma ya vyoo, wanakula kila kitu, na mimi ndiye mkaguzi.

Wankyo akijua hilo, hataweza kula Bunda. Itabidi abaki.

Kesho asubuhi namwomba Makongoro aitishe mkutano.